Shika Hapa Kidogo

Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha kiwanda cha mbao kulia, Fundi alikaa kwenye kigoda mlangoni pake, kikombe cha bati mkononi, akiitazama barabara ikiamka. Hakukuwa na mengi ya kutazama. Kinyozi wa upande wa pili alifungua mlango wake kwa teke, maana mlango ulivimba kwa mvua za mwaka juzi na tangu hapo haukuelewa lugha nyingine. Muuza mkaa alifagia vumbi la jana apate pa kumwaga la leo. Ndani, mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, aliitia cherehani mafuta na kuizungusha bila uzi, kama mtu anayekohoa kabla ya kuimba. Binti yao alikwisha kuolewa. Nyumba ilibaki na watu wawili na cherehani moja, na kati ya hao watatu, cherehani ndiyo iliyokuwa na maneno mengi.

Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi. Mkewe aliipasha chai ndani ya kikombe chenyewe, juu ya makaa, akakiweka mezani kipoe, akatoka uani. Fundi akakichukua bila kusubiri, akakizungushia kiganja, akaenda kukaa. Pua yake ilinusa kitu kinaungua. Akadhani ni kinyozi anachoma nywele za jana.

Mkewe aliporudi na kukikosa kikombe mezani, alikimbilia mlangoni.

"Baba! Mkono!"

Fundi aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyekaa naye benchi moja. Chai ilikuwa bado inatoa mapovu pembeni. Akakiweka kikombe chini taratibu. Kiganjani palikuwa na alama nyekundu iliyopinda kufuata mviringo wa kikombe, na katikati yake ngozi ilikuwa imegeuka nyeupe.

"Sugu tu hizi, Mama," alisema. "Mkono wa fundi ni kwato."

"Kwato gani inatoka malengelenge?"

"Ya ng'ombe mzee."

Yeye alicheka. Mkewe hakucheka. Alimpaka dawa, akachukua kitambaa kilichobaki kwenye shati la mteja, akamfunga, fundo akalificha kwa ndani kama wafanyavyo washonaji. Alitaka kusema kitu. Fundi aliiona midomo ikijiandaa. King'ora kikalia. Fundi akainuka akaenda zake kazini, na maneno yakabaki pale mlangoni pamoja na kikombe.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kunoa misumeno. Tangu ujana wake alisimama kwenye chumba chenye dirisha dogo, mbele ya mashine inayomtetemesha mtu mpaka magego, akipitisha jino moja baada ya jingine chini ya jiwe linalozunguka. Lakini mashine ilikuwa nusu ya kazi. Jino likishasagwa huacha nyuma yake uzi wa chuma, mwembamba kuliko unywele, ambao jicho haliuoni. Unaupata kwa ncha ya kidole. Ukiuacha, msumeno huyumba na mbao hutoka mbaya. Wenzake walisema vidole vya Fundi vina macho.

Macho hayo yalikuwa yamefumbwa zamani, na hakuna aliyejua. Kwanza vidole viligeuka vyeupe kama chaki asubuhi za baridi. Kisha ikaja hali ya kuchomwachomwa na sindano. Kisha sindano nazo zikaondoka, na Fundi akadhani amepona. Kumbe ganzi ilikuwa ndiyo kwanza inahamia. Ilianzia kidole cha shahada, ikapita kimoja kimoja kama mtoza ushuru sokoni, ikaumaliza mkono wa kulia na kuanza kuuzoea wa kushoto. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Kila siku aliyonyamaza iliifanya siku ya kusema iwe mbali zaidi.

Wiki ileile ya kikombe, msumeno mmoja ulitoka chumbani kwake na jino moja lililoyazidi mengine. Mbao za zamu nzima zikatoka na mstari, mrefu, kama kovu la upasuaji. Msimamizi alikuja na ubao mmoja begani.

"Fundi, hii nini?"

"Mstari," alisema Fundi.

Vijana wa mashine wakaangua kicheko. "Mwacheni mzee, alikuwa anachora ramani asipotee akienda nyumbani!"

Msimamizi hakucheka wala hakufoka. Aliuegemeza ubao ukutani, akampigapiga Fundi begani, akaondoka. Angefoka ingekuwa afadhali. Anayefokewa ni yule ambaye bado anategemewa.

Mwisho wa mwezi Fundi aliaga. Alisema amechoka, na kila mtu aliafiki upesi mno. Walipomuuliza apewe zawadi gani ya kuagwa, alielekeza kidevu kwenye rundo la misumeno iliyochakaa nyuma ya ghala. Wakafurahi kuona kwamba anachotaka ni takataka, wakampakilia kwenye mkokoteni. Kwa nini aliitaka, mwenyewe hakujua. Labda alitaka tu asiende nyumbani mikono mitupu. Njiani alijaribu kujisikitikia, akashindwa. Ilikuwa kama kubonyeza swichi kwenye nyumba iliyokatwa umeme: unausikia mlio wa swichi, na giza liko palepale.

Alikaa uani, chini ya paa la bati, akilitazama rundo lake. Asubuhi alilitazama kutoka upande wa jiko, jioni kutoka upande wa choo. Mkewe alishona. Watu walikuja kupimwa, wakaondoka. Chai ililetwa, ikanyweka.

Aliyeuvunja ukimya huo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwindaji. Waliokuwa naye porini walimpa jina la Kelele, na halikuwa sifa. Yeye na wenzake walikuwa na kibali cha kuwawinda nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba, na inasemekana nguruwe walimsikia Kelele akija tangu anavaa viatu.

"Shemeji!" aliita kabla hajafika uani. "Umeyakalia hayo machuma kama kuku anayeatamia. Yanaanguliwa lini?"

"Yakianguliwa utasikia."

"Nitasikia wapi na wewe huongei? Dada, huyu mumeo bado anafanya kazi au tumwitie fundi?"

"Umwitie fundi gani," dada yake alijibu kutoka ndani, cherehani ikiendelea, "na fundi mwenyewe ndiye aliyekwama?"

Kelele akatoa vipande viwili vya kisu mfukoni, akavitupa miguuni pa Fundi. Kisu kilikuwa kimekatikia shingoni, pale bapa linapoingia kwenye mpini.

"Cha dukani. Kimenikatikia kwenye goti la nguruwe, mbele za watu. Nimechekwa, shemeji, mpaka na nguruwe mwenyewe, na hapo alishakufa."

Fundi akaokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga. Palipokatika, chuma kilikuwa na chembechembe kubwa kama sukari.

"Kilipikwa kwa haraka," alisema.

Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema wiki hiyo. Mkewe aliisikia kutoka ndani. Mguu wake ukatulia kidogo juu ya kanyagio, kisha ukaendelea.

Kesho yake Fundi aliuvuta msumeno mmoja kutoka kwenye rundo, akaupiga kwa ukucha wa nyundo, akasikiliza. Chuma kizuri kikipigwa huimba na kuchelewa kunyamaza. Huu uliimba. Akachora umbo la kisu kwa chaki, akalikata kwa jiwe la umeme la kusagia chuma, akilichovya ndooni kila mara lisigeuke rangi, maana chuma kikisagwa mpaka kikawa cha bluu ukingoni kimekwisha kupoteza nguvu zake, hata kikimeremeta namna gani. Akafukua tanuri dogo ardhini, akatia mkaa wa jirani, akapuliza. Kipande kikawa chekundu cha giza, kikawa cha damu, kikawa cha machungwa yaliyoiva. Akakijaribu kwa sumaku. Sumaku ilipokataa kushika, dalili kwamba moto umetosha, akakizamisha kwenye kopo la mafuta ya moto, likafuka moshi na kunguruma.

Hapo ndipo alipogundua jambo. Katika kazi yote hiyo, hakuhitaji kuhisi kitu. Moto ulisema kwa rangi, chuma kilisema kwa sauti. Ukitaka kujua kama kimekomaa unapitisha tupa juu yake: tupa likiuma, bado, likiteleza na kulia kama mlango mkavu, tayari. Ilikuwa kazi ya macho na masikio, na hayo alikuwa nayo. Asingeweza kusema alifurahi. Ila jua lilifika upande wa choo naye hakuwa ameliona likipita.

Kisu cha kwanza Kelele alikipima mkononi, akasema, "Hiki si kisu, ni shoka lililokonda." Cha pili kilipasuka ndani ya mafuta, Fundi alisikia mlio mdogo, kama glasi iliyovunjika chumba cha jirani, akajua kabla hajakitoa. Cha tatu Kelele alikwenda nacho porini, akarudi akiimba barabarani. Alichuna nguruwe mzima bila kukinoa tena. "Kinapita kwenye ngozi kama umbea kwenye kibaraza!" alisema.

Lakini kisu si bapa tu. Bapa lina mpini.

Mbao za mipini alizipata kiwandani, vipande vya mti mgumu vilivyotupwa. Alivibana pande mbili za chuma kwa gundi na misumari ya shaba, akaanza kuchonga kwa tupa. Kwa macho aliuona mpini unakuwa mpini: tumbo katikati, kiuno nyuma ya kidole cha shahada, nundu mwishoni ya kuzuia kuponyoka. Kwa macho ulikuwa mzuri. Akaufumbata. Hakujua kama kuna pembe inayochoma, wala kama umejaa kiganjani au umepwaya. Aliona tu vidole vyake vimezunguka ubao, kama picha ya mtu ameshika kisu. Akajaribu kwa mkono wa kushoto, ule ambao ganzi ilikuwa bado inauzoea. Ukamletea habari za mbali, zisizoeleweka, kama redio ya kinyozi inapoisha betri.

Alikaa hivyo mpaka makaa yakawa majivu. Kisha akaita.

"Mama! Njoo ushike hapa kidogo."

"Nishike nini, na mimi nina pindo mkononi?"

"Kidogo tu. Mkono umechoka."

Mkewe alikuja na futi ya kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Akaupokea mpini, akaufumbata. Fundi hakutazama mpini, alimtazama uso. Nyusi zilijikunja.

"Hapa pananiuma," alisema na pini zake mdomoni, akionyesha chini ya kidole kidogo.

Fundi akasugua hapo. Akampa tena. Nyusi zikajikunja kwa sababu nyingine. Akasugua upande wa pili. Waliendelea hivyo mpaka nyusi zikafunguka, zikalala juu ya macho kwa amani, na Fundi akajua mpini umekwisha.

Ikawa desturi. Shika hapa kidogo, mkono umechoka. Shika hapa, nina vumbi. Shika hapa, nimeacha miwani. Mkewe alikuja kila alipoitwa. Alishika, akasema panapouma, akarudi kwenye cherehani. Hata ala za ngozi za kutilia visu alizishona yeye, kwa mkono, kwa msharasi, ile sindano nene ya mafundi viatu, na uzi uliopakwa nta. Hakuuliza kwa nini mtu aliyekwisha kuacha kazi kiwandani anachoka hivyo, na Fundi alishukuru kwamba haulizwi. Shukrani hiyo nayo aliiweka palepale alipoweka mengine.

Kelele akatangaza porini kote. Habari zikamfikia Mkuu wa kambi ya wawindaji, ndiye mwenye kibali na neno la mwisho juu ya kina Kelele. Mkuu akaagiza visu vya watu wake wote. Vikipendwa, alisema, atamtambulisha kwa kambi nyingine, na Fundi hatakosa kazi maisha yake. Fundi alichonga, mkewe akashika, mvua zikaja zikaenda. Visu vikafungwa vitambaa, vikaondoka begani kwa Kelele.

Vilirudi ndani ya gunia. Kelele aliingia uani kimya, na hapo tu Fundi akajua kuna msiba wa namna fulani.

"Kaa," alisema.

"Nimekaa sana njiani." Kelele aliliweka gunia chini kama mtu anayemlaza mtoto. "Shemeji, makali hayana mpinzani. Hilo wamesema wote, uniandike shahidi."

"Ila?"

"Ila vinawachezea mkononi. Sijui nisemeje. Mtu anakishika, kinakuwa kama kimeazimwa. Mmoja alikuwa anachuna, mkono una damu, kisu kikazunguka kikamwendea kidole. Kidole kipo, usiogope, kimebakia na mwenyewe. Lakini maneno yamekuwa mengi."

"Na wewe? Chako kinakuchezea?"

Kelele alikuna kichwa. "Mimi na dada yangu tuna vimikono vya mama yetu. Mimi kinanikaa. Wananicheka, eti Fundi anatengenezea shemeji zake tu." Akajaribu kucheka, kicheko kikakosa pa kushika. "Kesho Mkuu anapita mwenyewe. Ana mkono kama jembe. Amesema akishika kimoja kikamkaa, kazi ni yako. Kikikataa, ananunua vya dukani na mambo yameisha."

Alipoondoka, mkewe Fundi alitoka ndani, akalifungua gunia, akavipanga visu juu ya meza yake ya kukatia nguo. Alichukua cha kwanza akakifumbata, akakiweka. Akachukua cha pili. Alikwenda hivyo mpaka cha mwisho, bila haraka, kama anayehesabu watoto wanaorudi shule. Kila kisu kilipoingia mkononi mwake kilitulia.

"Vyote vyangu hivi," alisema.

Fundi alivitazama visu, kimoja kimoja.

"Mimi nikimkatia mteja shati kwa kipimo changu, Baba, analirudisha siku hiyohiyo. Nawe umewakatia wanaume wazima kwa kiganja changu."

"Nitavirekebisha."

"Kwa kiganja cha nani?"

Alikwenda jikoni akarudi na chai, akamwekea mbele. Fundi akainua kikombe, akanywa. Na alipokuwa anameza ndipo jambo dogo lilipomjia: hakusubiri. Hakupuliza. Chai ilikuwa ya uvuguvugu, kama ilivyokuwa jana, na juzi, na nyuma huko kote. Tangu lini chai ya nyumba hii haichomi mdomo? Alirudi nyuma kwa kumbukumbu, siku moja moja, akafika kwenye asubuhi ya baridi na kitambaa kilichofungwa fundo la ndani, na hapo akasimama.

Mkewe alikuwa anamtazama.

"Una neno, Baba?"

Neno lilikuwepo. Alilijua lilipo, kama unavyojua kiti kilipo gizani. Akajaribu kulifikia.

"Sina," alisema.

Mkewe akatikisa kichwa polepole, akavirudisha visu kwenye gunia lake, akaenda kushona.

Asubuhi Fundi hakumwita. Alichukua bapa jipya, akalibana mbao nene, akachonga peke yake, akiukadiria kichwani mkono mkubwa ambao hakuwahi kuushika. Kila baada ya muda alisikia cherehani ikinyamaza, kana kwamba mtu anasubiri kuitwa. Akaendelea kusugua. Vumbi la mti likamjaa kwenye nyusi.

Mkuu wa kambi alifika jua likiwa utosini, Kelele akimfuata nyuma kama kivuli kilichopigwa marufuku kusema. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, anayeinama milangoni. Aliwasalimu, akauliza hali ya nyumba, akaisifu kazi ya ala, akauliza ni nani aliyeishona. Mke wa Fundi akaitika kutoka ndani. Kisha akanyoosha mkono, na Fundi akampa kisu kipya.

Mkuu alikitazama makali dhidi ya mwanga, akakata nacho ukingo wa ukucha wake, akatikisa kichwa kwa heshima. Halafu akauzamisha mkono mwingine kwenye ndoo ya maji, akakihamishia kisu kwenye mkono huo, akafumbata na kupinda kifundo kama anayefungua kiungo cha mnyama. Kisu kikazunguka kiganjani mwake, bapa likatazama pembeni.

"Umeona?" alisema.

"Naona," alisema Fundi.

"Makali kama haya sijakutana nayo. Lakini mpini huu haujui unashikwa na nani." Akavuta gunia, akatoa kisu kimoja cha zamani, kikapotea ndani ya mkono wake. "Hivi vya kwanza vinanibana, lakini vina mwenyewe. Hiki cha leo hakina mwenyewe kabisa. Hebu niambie, Fundi, vile vya kwanza ulimpimia nani?"

Ndani, cherehani ikasimama.

"Mkuu, unajua shemeji yangu huyu ni mtu wa..." Kelele alianza.

"Wewe," dada yake alisema, akitokea mlangoni, "hebu nyamaza leo."

Futi ilikuwa shingoni pake. Hakusogea zaidi ya kizingiti. Fundi alimtazama, akaona midomo yake imefungwa, imefungwa kabisa, na akaelewa kwamba asubuhi ile ya kikombe yeye ndiye aliyetaka kusema, na leo hatasema. Angeweza kumsemea. Alijua kila kitu, alikuwa akimpozea chai. Lakini alisimama tu pale mlangoni, akisubiri, na king'ora cha kumtoa Fundi hakikuwepo tena.

"Nilimpimia mke wangu," alisema Fundi.

Mkuu akacheka kwa wema. "Basi hilo ni dogo. Safari hii nipimie mimi." Akamnyooshea mkono wake mkubwa, umelowa, kiganja juu.

Fundi aliutazama mkono huo. Aliunyanyua wake ukafika nusu ya njia. Angeukamata, angetikisa kichwa kama anayejua, angesema nimekupata, na Mkuu angeondoka akiamini. Sugu tu hizi. Mkono umechoka. Nimeacha miwani. Maneno yote yalikuwepo, yamechakaa, yamepangana kama misumeno nyuma ya ghala.

Mkono wa Mkuu ulibaki hewani, ukidondosha maji.

"Siwezi," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa tambarare, ya mtu anayetaja bei. "Mkono wangu umekufa, Mkuu. Huu wa kulia wote, na wa kushoto unaufuata. Sisikii mpini. Sisikii moto. Nikiukamata mkono wako nitakuwa nimekamata hewa."

Mkuu hakuurudisha mkono wake.

Fundi akageuka akatazama mlangoni. Kitu kilimpita kifuani, kidogo, cha kuchomachoma, kama zile sindano za zamani kabla hazijaondoka.

"Mama," alisema. "Zile siku zote nilizokuwa nakuita ushike hapa kidogo, sikuwa nimechoka. Niliogopa ukijua utaniona si fundi tena. Nilikuwa nataka kusema nisaidie. Kazi hii siiwezi peke yangu. Njoo uushike mkono wa Mkuu, uniambie ukoje. Nisaidie, Mama."